Kumsoma Mbwa: Mhadhara juu ya Tabia Zinazoshangaza za Mbwa wa Usambara

Madhumuni ya mhadhara

Katika milima ya Usambara, kuanzia Soni na Bumbuli hadi Mlalo na Mtae, mbwa huishi karibu sana na binadamu, lakini hafahamiki kwa kadiri ya ukaribu huo. Hulinda mahindi na maharage dhidi ya nguruwe, nyani na tumbili, hulala nje penye baridi, hula makombo, na mara nyingi hakuna anayemwangalia kwa makini mpaka siku atakapofanya jambo lisilo la kawaida. Siku hiyo maelezo huwa mengi: akilia usiku kwa sauti ndefu husemwa kwamba anabashiri msiba, akibwekea giza tupu husemwa kwamba ameona kisichoonekana na watu, akila majani husemwa kwamba anajitibu, na akinywea mbele ya bwana wake husemwa kwamba anajua kosa lake. Baadhi ya maelezo hayo yana chembe ya ukweli na mengine hayana, ila yote yana upungufu mmoja, nao ni kwamba hutolewa kabla mbwa mwenyewe hajachunguzwa.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba tabia za mbwa zinazoshangaza zimegawanyika katika makundi mawili ambayo hayafai kuchanganywa. Kundi la kwanza ni la tabia zilizo za kawaida kwa mbwa ingawa ni ngeni machoni pa binadamu. Kundi la pili ni la mabadiliko, yaani mambo ambayo mbwa fulani hakuwa nayo jana na leo anayo. Anayeyachanganya makundi hayo hupata hasara pande zote mbili, kwa kuwa atampiga au kumwua mbwa mzima akidhani ana mkosi, na atamwacha mbwa mgonjwa azurure kijijini akidhani ana njaa, ukali, au mfupa uliomkwama kooni.

Mbwa katika historia na maisha ya milimani

Mbwa ana nafasi ya heshima katika simulizi mashuhuri kuliko zote za Washambaa, wenyeji wa milima hii, ile ya Mbegha, ambayo Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy aliiandika katika Habari za Wakilindi. Humo mwanzilishi wa ukoo wa watawala wa Kilindi anaelezwa kuwa mwindaji aliyetoka Ngulu, akaingia Usambara pamoja na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao, akawagawia wenyeji nyama, na hatimaye akapewa utawala ambao makao yake makuu yalikuwa Vugha. Simulizi hiyohiyo inasema kwamba Mbegha alikataliwa na jamaa zake kwa sababu alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, jambo lililohesabiwa kuwa dalili ya nuksi. Hivyo historia ya milima yenyewe ina mfano wa dalili ya mwilini iliyosomwa vibaya, na wa mtu aliyefukuzwa kwa ajili yake kisha akawa msaada mkubwa mahali pengine.

Leo wakazi wengi wa Lushoto, wilaya ya milima hii, ni Waislamu, na madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa sana Afrika ya Mashariki, yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, kiasi kwamba chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, lakini yanaruhusu mbwa afugwe kwa ajili ya uwindaji, mifugo na ulinzi wa shamba. Kwa hiyo mbwa wa milimani ana kazi inayotambuliwa na makao yaliyo nje ya nyumba, na mpango huo una athari juu ya tabia yake. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza makuzi ya mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor nchini Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965, walionyesha kwamba kuna kipindi, kuanzia wiki ya tatu hadi karibu wiki ya kumi na mbili baada ya kuzaliwa, ambamo mtoto wa mbwa hujifunza ni viumbe gani awahesabu kuwa wenzake. Asiyeshikwa wala kuzoeshwa watu katika wiki hizo hukua akiwaogopa, na hofu hiyo humfanya abweke, arudi nyuma, azunguke mtu kwa mbali na kumuuma kisigino anapogeuza mgongo. Watu huiita tabia hiyo ukali au unafiki, ilhali mara nyingi ni woga wa mnyama ambaye wiki zake za kujifunza zilipita bila mwalimu. Kumzoesha mtoto wa mbwa hakuhitaji kumwingiza sebuleni. Inatosha watu wa rika mbalimbali wamwite, wamlishe na kumgusa kwa upole uani, na anayetaka kunawa baadaye anawe.

Maswali manne

Elimu ya tabia za wanyama, yaani taaluma inayochunguza wanyama watendavyo katika mazingira yao wenyewe, ilipata msingi wake ulio wazi zaidi mwaka 1963, pale Niko Tinbergen, mtaalamu wa Kiholanzi, alipoandika kwamba kila tendo la mnyama linapaswa kuulizwa maswali manne. La kwanza ni chanzo cha papo hapo, yaani kitu kilichomsukuma mnyama atende sasa. La pili ni makuzi, yaani namna alivyoipata tabia hiyo tangu alipozaliwa. La tatu ni manufaa, yaani jinsi tabia hiyo inavyomsaidia kuishi na kuzaa. La nne ni asili, yaani njia ambayo tabia hiyo imerithiwa kutoka kwa mababu wa jamii yake. Tinbergen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, na mwanafunzi wake Hans Kruuk aliileta njia hiyo Tanzania katika miaka ya 1960, alipochunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha faida ya maswali hayo. Mbwa anapotaka kulala hujizungusha mara mbili au tatu mahali pamoja kabla ya kujilaza. Chanzo cha papo hapo ni usingizi na kutafuta mkao. Makuzi yanaonyesha kwamba watoto wa mbwa hufanya hivyo bila kufundishwa. Manufaa yanaonekana wazi mwezi wa Julai, ukungu unapoifunika Lushoto, kwa kuwa mbwa hujitengenezea shimo dogo kwenye majivu au majani makavu, akajikunja na kuficha pua chini ya mkia ili asipoteze joto. Na asili inaelekeza kwa mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, ambao ni mababu wa mbwa wa kufugwa kwa zaidi ya miaka 15,000 na ambao nao hutayarisha malalo yao. Tendo lililoonekana la kipuuzi lina majibu manne yanayopatana, na hakuna hata moja linalohitaji mizimu.

Hali ni hiyohiyo kwa mbwa anayerukaruka ili amlambe mtu mdomoni, jambo linalowaudhi wengi. Kaskazini ya Usambara, katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, mbwa mwitu wa Afrika walianza kuzalishwa katika miaka ya 1990 ili warudishwe porini. Miongoni mwa mbwa mwitu hao, watoto huwalamba wakubwa midomoni ili wawatapikie nyama waliyoila mawindoni. Mbwa wa kufugwa ni jamaa wa mbali wa wanyama hao, na kulamba kwake ni ombi la mtoto lililobaki kuwa salamu ya mbwa aliyekomaa.

Dunia ya pua na ya sikio

Tabia nyingi huwa kitendawili kwa sababu binadamu hupima dunia kwa macho yake, na mbwa hupima dunia kwa pua. Ndani ya pua ya mbwa mna seli za kunusia zaidi ya milioni 200, ilhali za binadamu ni milioni chache tu. Kwa mbwa, kigingi cha uzio kando ya njia ya kwenda sokoni ni mahali pa habari: hapo husoma nani amepita, lini, dume au jike, mzima au mgonjwa, kisha naye huacha mkojo wake kuwa taarifa. Anapomaliza haja kubwa na kuparura ardhi kwa miguu ya nyuma, hafukii uchafu kama afanyavyo paka. Anaongeza harufu ya tezi zilizo katika nyayo zake na kuacha alama inayoonekana. Anapogaagaa juu ya mzoga, hujipaka harufu ambayo huenda inaficha yake mwenyewe au inawapa wenzake habari ya alichokikuta, na wataalamu hawajakubaliana juu ya sababu moja.

Masikio nayo yanaeleza mengi. Binadamu husikia mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde, na mbwa husikia hadi takriban 45,000, yaani pamoja na milio myembamba ya panya na popo ambayo hakuna mtu anayeisikia. Mbwa anayebwekea giza penye ukuta wa jiko ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo inatembea ndani ya ukuta kwa miguu minne. Macho yake, ambayo yakimulikwa kwa tochi hung'aa kijani au manjano na kuwatisha wapita njia, yana tabaka la nyuma linaloakisi mwanga ili mbwa aone vizuri zaidi usiku.

Kulia kwa sauti ndefu ndiko kunakoogopwa zaidi. Kilio hicho ni mawasiliano ya masafa marefu yaliyorithiwa kutoka kwa mababu waliowinda kwa makundi na kuitana wakitengana, na hutokea mbwa anapoachwa peke yake, anapofungwa akisikia jike mwenye joto, au anaposikia mlio mwingine mrefu usiokatika. Ndiyo sababu baadhi ya mbwa huitikia king'ora, kengele ya kanisa au adhana ya alfajiri, bila kukusudia ibada wala dharau. Milima ya Usambara inaongeza uzito wa jambo hilo, kwa kuwa vijiji vingi vimejengwa migongoni mwa vilima vinavyotazamana, na mbwa mmoja akianza upande huu wa bonde, wa ng'ambo humjibu, mpaka bonde zima linapaza sauti. Katika nyumba nyingi namna hiyo hakuna usiku usio na mgonjwa mahali fulani, na akifariki mtu, kilio cha mbwa hukumbukwa. Mamia ya usiku ambao mbwa walilia na watu wakaamka salama hayakumbukwi na yeyote.

Kula majani kunahitaji maneno machache tu. Uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha California huko Davis kwa kuwahoji wafugaji ulionyesha kwamba mbwa wengi walao majani hawakuwa wagonjwa kabla ya kuyala, na chini ya robo hutapika baadaye. Ni tabia ya kawaida, ambayo pengine ilisaidia kusukuma minyoo nje ya matumbo ya mababu zao.

Yaliyofundishwa na binadamu

Mgeni akitembea katika kijiji chochote cha Tanzania na kuinama kufunga kamba ya kiatu, ataona mbwa aliyekuwa akimfuata akitimka kwa kasi ilhali hakuna aliyemtupia kitu. Tendo hilo lilielezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Ivan Pavlov wa Urusi, aliyeonyesha kwamba mnyama huunganisha alama na tukio linaloifuata mpaka alama pekee humtosha. Mbwa huyo amejifunza kwamba kuinama hufuatwa na jiwe. Kwa wenyeji anaonekana mwoga bila sababu, lakini sababu hiyo iliwekwa ndani yake na mikono ya watu, na mbwa wa namna hiyo akibanwa pembeni asipate njia ya kukimbia, huuma.

Mafunzo ya aina hiyo ndiyo yanayoeleza pia uso wa hatia. Mbwa aliyekula mayai hukutwa ameinamisha kichwa, amelaza masikio na kuficha mkia, na mwenye nyumba huamini kwamba anatubu. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alichapisha jaribio lililoonyesha kwamba mbwa hunywea kwa kadiri anavyokaripiwa, awe ametenda kosa au hakulitenda. Kinachoonekana usoni ni jibu la mbwa kwa sauti na mkao wa mtu aliyekasirika, yaani ishara ya kuomba amani. Kumpiga mbwa saa mbili baada ya kosa humfundisha kuogopa mtu anaporudi nyumbani, na mayai yataendelea kuliwa.

Pale tabia inapokuwa dalili

Mpaka hapa tabia zilizotajwa ni za mbwa mzima. Kundi la pili linaanza na mambo madogo: anayeburuta makalio chini huenda ana minyoo au tezi zilizojaa karibu na tundu la haja kubwa, na anayetafuna nyayo na kuchechemea huenda ana funza, mdudu ambaye huhama kati ya mbwa na watoto wa nyumba hiyohiyo, kwa hiyo kuchechemea kwa mbwa ni habari pia juu ya miguu ya watoto.

Kisha kuna distempa, ugonjwa wa virusi unaoanza kwa homa na makamasi na unaoweza kuingia katika ubongo, ambapo mbwa hutafuna hewa bila kuwa na kitu mdomoni, misuli yake hurukaruka hata akiwa usingizini, au huzunguka upande mmoja bila kukoma. Uzito wake unajulikana vema jirani na Usambara: kati ya mwisho wa mwaka 2000 na mwanzo wa 2001 distempa iliingia katika kituo cha Mkomazi na kuua mbwa mwitu 49 kati ya 52 waliokuwa wakizalishwa humo. Mwaka 1994 virusi vya aina hiyo viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti walivihusisha na mbwa wa vijiji vilivyoizunguka hifadhi.

Ugonjwa unaodai uangalifu kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake huingia kwa jeraha la kuumwa, husafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na kutoka humo hushuka kwenye tezi za mate. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa au miezi, na wakati wote huo mbwa huonekana mzima, jambo linalofanya watu wasiunganishe ugonjwa wa leo na ugomvi wa mbwa wa mwezi uliopita. Dalili ya kwanza ni badiliko lenyewe: mpole huwa mkali, mkali huwa mpole kupita kiasi, anayelala uani hujificha gizani, mlinzi wa shamba hutoweka na kuonekana vijiji vitatu mbali. Baadaye hutafuna vijiti, mawe na mnyororo wake, huuma hewa, na sauti ya kubweka hukwaruza kwa sababu koo linapooza.

Katika namna ya pili ya ugonjwa huo, inayoitwa kichaa kimya, hakuna ukali hata kidogo. Taya hulegea, mate huchuruzika kwa kuwa mbwa hawezi kumeza, na sura yake huwa sawasawa na ya mbwa aliyekwamwa na mfupa. Hapo ndipo huruma huwa hatari, kwa maana mwenye mbwa humpanua mdomo na kuingiza mkono autafute mfupa, na michubuko midogo vidoleni inatosha kupitisha virusi. Mbwa asiyeweza kufunga mdomo hafai kuguswa. Hufungiwa mahali pamoja, na afisa mifugo huitwa.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kichaa cha mbwa huua takriban watu 1,500 kila mwaka Tanzania, na duniani kote idadi hukadiriwa kuwa 59,000, wengi wakiwa watoto na watu wa vijijini. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, ila kabla ya hapo kinga ipo na inafanya kazi: jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa aende hospitalini siku hiyohiyo akaanze chanjo, aina ya tiba iliyoanzishwa na Louis Pasteur jijini Paris mwaka 1885. Mbwa aliyeuma, ikiwa anaweza kufungwa bila hatari, aangaliwe kwa siku 10, kwa kuwa mwenye virusi mateni hufa au huonyesha dalili katika muda huo. Hata hivyo matibabu ya aliyeumwa hayangoji siku hizo ziishe.

Utafiti wa muda mrefu uliofanywa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro umeonyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na kitu tu. Kiwango hicho ni kidogo, na maana yake ni kwamba ugonjwa unakatika pale asilimia 70 ya mbwa wanapochanjwa kila kampeni. Kisiwani Pemba chanjo za namna hiyo ziliutokomeza, ukarudi mwaka 2016, ukatokomezwa tena kwa njia ileile. Kuwaua mbwa ovyo hakujaleta matokeo hayo, kwa kuwa nafasi ya mbwa aliyechanjwa akauawa hujazwa na mtoto wa mbwa asiye na kinga.

Mbwa kama shahidi

Lushoto ina ushahidi wake wa pekee wa thamani ya kumwangalia mbwa. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wilaya hiyo ilisumbuliwa na tauni, ugonjwa wa bakteria unaobebwa na panya na viroboto, ulioambukiza maelfu ya watu na kuua mamia. Watafiti wa Tanzania, miongoni mwao Bukheti Kilonzo, walichapisha mwaka 1993 matokeo ya kupima damu za mbwa wa Lushoto. Mbwa hufukua mashimo ya panya na kuwala, tabia inayoonekana kuwa uharibifu wa shamba tu. Akila panya mwenye tauni mara nyingi haugui sana, lakini damu yake huhifadhi kingamwili, yaani protini zinazotengenezwa na mwili kupambana na ugonjwa. Kwa hiyo damu ya mbwa mfukuzi wa panya iliweza kuonyesha kwamba tauni ilikuwa ikizunguka mahali fulani, na mbwa huyohuyo aliweza kuwaleta uani viroboto kutoka mashimoni. Mwenye kujua kwamba mbwa wake ameanza kuleta panya waliokufa ana habari ambayo kituo cha afya kinaihitaji.

Hitimisho

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mfugaji amtunze mnyama wake na kumkinga na mateso, na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, ni wakati unaofaa kwa kila kata kuhimiza chanjo. Lakini sheria na kampeni haziwezi kufanya kazi ambayo ni ya kaya. Daktari wa mifugo anayepanda kutoka Lushoto mjini hadi Mtae anajua magonjwa, lakini hajui kama mbwa aliye mbele yake alikuwa akilala kwenye majivu au chini ya ghala, kama huwakimbilia watoto au huwakwepa, kama alipigana na mbwa mgeni mwezi uliopita. Mambo hayo hujulikana na anayemlisha, na mara nyingi ni mtoto anayekwenda naye shambani kuwinga nyani. Mtoto huyo anapaswa kufundishwa dalili za kichaa mapema kama anavyofundishwa hatari za barabarani, na neno lake kwamba mbwa amebadilika linapaswa kusikilizwa na watu wazima siku hiyohiyo anapolisema, kwa sababu katika ugonjwa huu hakuna kipimo cha kijijini kinachotangulia jicho la anayemjua mbwa.